Corolla ya Mjomba: Gari Linalozima Likijisikia

12 Aprili

Gari limeingia gereji leo mchana bila kuvutwa wala kusukumwa, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu. Ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE, gia za mkono. Mwenyewe ni mjomba wangu wa Tukuyu, mwalimu mstaafu, anayelitumia kuja Mbeya na kurudi, mara nyingi buti ikiwa imejaa mikungu ya ndizi. Maelezo yake ni mafupi: "Mjomba, gari linazima. Likitaka linawaka, lisipotaka halina moto." Tangu lifike nimeliwasha na kulizima mpaka nimechoka, na kila mara linachukua moto kwa kugusa tu. Tumezunguka nalo Soweto, Kabwe, Mafiati hadi Uyole. Halijakohoa.

Kabla sijashika bisibisi nilimkalisha kwenye benchi anieleze limeshafanyiwa nini. Betri mpya, altaneta ya mtumba, plagi, nyaya za plagi, pampu ya petroli, koili. Kila fundi alibadilisha kitu, gari likatulia wiki kadhaa, kisha likarudia. Kwa tatizo linalokuja na kuondoka, huko kutulia hakuthibitishi chochote. Lingetulia hata kama fundi angebadilisha mfuniko wa rejeta na kudai hela yake.

Wakati anajiandaa kuondoka ndipo akadondosha neno ambalo kwangu lilikuwa na uzito kuliko yote: "Usiku huwa nachomoa kichwa cha betri, maana nikikiacha, baada ya siku chache betri inakuwa imekufa."

Kwa hiyo yapo mambo mawili. Kwanza kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limelala. Pili, kila anapochomoa kichwa cha betri anafuta kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Corolla ya enzi hii huhifadhi misimbo ya hitilafu kwa umeme wa kudumu unaopita kwenye fyuzi ya EFI, yaani mfumo wa kompyuta wa kupuliza petroli. Ukiuondoa, hata kwa sekunde kumi na kitu, kilichoandikwa kimepotea. Mafundi wote waliolishika walilikuta likiwa limesahau.

Unyonyaji nimeupima leo leo. Mita kwenye ampea, imeunganishwa mfululizo kati ya hasi ya betri na waya wake, milango imefungwa, redio imezimwa, nikasubiri mpaka namba itulie: 0.31. Gari la zamani kama hili likilala halipaswi kuvuta zaidi ya 0.05. Ampea 0.31 kwa saa 24 ni kama ampea-saa 7.4, na betri yake ni ya ampea-saa 45, maana yake kwa siku tatu, nusu yake imekwisha. Nikachomoa fyuzi moja baada ya nyingine kwenye boksi la ndani na la nje, namba haikutikisika. Kumbe kuna waya mwembamba mwekundu uliotoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, una fyuzi yake ya kuning'inia, unapita kwenye ukuta wa bati wa nyuma ya injini kuingia ndani. Ni alamu, ilifungwa zamani na mwenye gari wa kwanza, na rimoti yake ilishapotea. Nilipochomoa fyuzi hiyo mita ilishuka hadi 0.02.

Fyuzi ya alamu nimeiacha nje. Waya zake nyingine sijazigusa hata kwa kidole, ingawa mikono ilikuwa inawasha. Ukishaanza kuvutavuta waya kabla hujaliona tatizo, unaweza kuliponya kwa muda bila kujua umegusa nini, na unarudi kuwa kama wale wa koili.

Mjomba ameondoka na gari lake. Amri mbili: asichomoe tena kichwa cha betri, na aandike kwenye daftari nililomwekea kwenye dashibodi. Kila linapozima ajibu: mshale wa mizunguko ya injini ulianguka ghafla au ulishuka pamoja na injini? Taa ya injini iliwaka? Taa ya oili iliwaka? Barabara ya lami au ya vumbi? Mlima au mteremko? Mvua? Liliwaka tena baada ya muda gani?

26 Aprili

Daftari limerudi. Mwalimu ni mwalimu: ameandika kwa kalamu mbili, nyeusi kwa matukio na nyekundu kwa maoni. Maoni mengi yanahusu mafundi.

Nimelisoma nikiwa na chai mkononi, na kufikia nusu ya chai nilikuwa nimeshaona kwamba gari moja lina magonjwa mawili, na kila moja lilikuwa likificha mwenzake.

Ugonjwa wa kwanza hutokea kwenye barabara ya vumbi kutoka nyumbani kwake hadi kwenye lami, na kwenye matuta. Gari linashtuka, pengine linazima, lakini ukigusa funguo linawaka palepale. Ameandika: "Taa ya oili iliwaka, taa ya injini HAIKUWAKA." Ile herufi kubwa ni yake.

Ugonjwa wa pili hutokea akija Mbeya, akishapanda mlima wa kutoka Kiwira kuelekea Isyonje. Injini inakufa, mshale wa mizunguko unaanguka sifuri wakati gari bado linaserereka kwenye gia, taa ya injini inawaka, na hapo haliwaki tena mpaka lipumzike kama robo saa. Boneti ikifunguliwa linapona haraka zaidi.

Kijiweni kwao wote wamemwambia ni mvua imeingia kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa plagi. Mvua Tukuyu inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na huu ni mwezi wa Aprili. Kuuliza kama siku gari lilipozima mvua ilinyesha ni sawa na kuuliza kama siku hiyo jua lilichomoza. Kwenye daftari kuna kuzima kwa siku kavu na kuzima kwa siku ya mvua, na siku nyingi za mvua ambazo halikuzima kabisa. Mvua nimeiweka pembeni.

Kuhusu taa ya injini, hii ndiyo sababu ya kuiulizia. Funguo ikiwa ON na injini imesimama, taa hiyo inapaswa kuwaka, kwa sababu anayeiwasha ni kompyuta. Injini ikizima barabarani na taa ikawaka, kompyuta iko hai, kilichokufa ni kitu kingine. Injini ikizima na taa ya oili ikawaka peke yake, kompyuta yenyewe imekosa umeme. Fundi anaweza kujua nusu ya kesi kwa kumwuliza dereva swali hilo moja.

Nimesoma misimbo. Kwenye gari hili hakuna haja ya mashine: chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cheusi chenye mfuniko, ndani yake kuna matundu yenye majina. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unaweka funguo ON bila kuwasha injini, unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ilipepesa mara moja, ikatulia kidogo, ikapepesa mara nne. 14. Ikarudia hiyo hiyo, hakuna nyingine.

Msimbo 14 maana yake kompyuta ilituma amri ya kuchoma, yaani kutoa cheche, IGT, lakini haikupata jibu la IGF kutoka kwenye ignaita, swichi ya elektroniki inayoiendesha koili, kwamba koili imechoma kweli. Ikikosa jibu hilo mara kadhaa mfululizo hukata petroli makusudi, isije ikamwaga mafuta kwenye injini isiyo na moto. Ndiyo maana kuna fundi aliyebadilisha pampu: alikuta petroli haifiki, na aliona sawasawa. Tena kama ingekuwa sensa ya mzunguko iliyo ndani ya distributa, ningetegemea 12 au 13.

Mjomba ameuliza kama sasa tununue ignaita. Nimemwambia bado. Msimbo 14 unataja njia nzima, kuanzia waya unaoleta umeme, soketi, ignaita yenyewe, hadi waya wa kurudisha jibu. Na kuna ule ugonjwa wa kwanza ambao haujaandika msimbo wowote, jambo la kawaida kwa kompyuta iliyokatiwa umeme ghafla.

27 Aprili

Leo nimeshughulikia jambo ambalo si la kuzima, lakini lilinikera: taa kubwa zikiwashwa, mshale wa joto la maji unasogea. Maji hayawezi kupata moto kwa sekunde moja kwa sababu umewasha taa. Hiyo ni ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi.

Nilitaka kijana wangu wa gereji aone kwa macho yake, kwa hiyo nikaanza na mita kwenye ohm. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi: 0.3. Nikagusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe: 0.3 vilevile. Kwa kipimo hicho waya ni mzima, na fundi anafunga boneti.

Kisha nikahamisha mita kwenye volti, ncha zikabaki palepale, nikamwambia awashe injini, taa kubwa, feni ya hita na waya za kuondoa ukungu kioo cha nyuma. Mita ikapanda hadi 0.84. Hizo ni volti zinazopotea kati ya bodi na betri, mahali ambapo pangepaswa kuwa kama 0.1, ikizidi sana 0.2.

Hesabu yake ni rahisi. Vitu hivyo kwa pamoja vinavuta kama ampea 28. Gawanya 0.84 kwa 28, unapata ohm 0.03. Mita ya kawaida haiwezi kuiona ohm 0.03 wakati waya za mita peke yake zina 0.3. Kwenye stata ndiyo balaa zaidi: ampea 150 zikipita kwenye ohm 0.01 tu unapoteza volti moja na nusu. Waya wenye nyuzi 40 ukibakiwa na uzi mmoja, mita ya ohm itakuambia ni mzima, kwa sababu umeme unaotumwa na mita ni mdogo mno na huo uzi mmoja unautosha. Waya hupimwa ukiwa umebeba mzigo. Nimemwambia kijana aliandike hilo ukutani, naye kaliandika kweli, kwa chaki, juu ya compresa.

Kwenye gari hili waya hasi una matawi mawili, nene linakwenda kwenye gia boksi, jembamba linafungwa kwenye bodi chini ya sahani ya betri. Jembamba ndilo lenye kesi. Nilipofungua boliti yake nilikuta unga mweupe uliochanganyika na kijani, asidi ya miaka mingi imekuwa ikidondokea hapo, na kile kichwa cha shaba kilikuwa kimekaa juu ya kutu kikiigusa bodi kwa ukingo mmoja tu. Tumeosha kwa maji ya moto na magadi mpaka povu likaisha, tukapiga msasa hadi bati likang'aa, tukaweka kichwa kipya na boliti mpya, juu tukapaka grisi.

0.04. Mshale wa joto sasa hausogei, na waipa zimepata kasi ambayo mjomba anasema hakuwahi kuijua.

Hili halijaponya kuzima na sikutegemea liponye, kwa sababu ethi ya kompyuta imefungwa kwenye injini, haipiti hapa.

3 Mei

Balbu tatu. Ni mbinu ya kizee, ila kwa tatizo la kuvizia sijaona mashine inayoishinda kwa bei yake. Nimechukua balbu ndogo za wati 5, kila moja na fyuzi yake ya ampea 1, nikapitisha waya hadi juu ya dashibodi na kuziandika kwa kalamu kwenye selotepu ya karatasi. B imeunganishwa kwenye +B ya kile kiboksi, yaani umeme unaotoka kwenye rilei kuu ya EFI, swichi inayowashwa kwa umeme. P iko kwenye FP, umeme wa pampu. K iko kwenye chanya ya koili. Gari likitembea zote tatu zinawaka, na mtu akiliona kutoka nje anaweza kudhani ni pikipiki ya bodaboda.

Kwa anayetaka kuiga: balbu hizi ni za waya za kuleta umeme tu. Usiweke kwenye IGT, IGF wala waya wowote wa sensa. Balbu ya wati 5 inavuta karibu nusu ampea, na kompyuta haikutengenezwa kulisha balbu.

Tumekwenda nalo Ilomba, kwenye ile mitaa yenye makorongo. Mimi nashika usukani, mjomba macho kwenye balbu. Halikuchukua muda. Tulipodumbukia kwenye shimo moja gari likashtuka na mjomba akapiga kelele kama mtu wa mpirani: "Zote! Zote zimezima!"

Zote tatu kwa pamoja, na taa ya injini haikuwaka, lakini mishale ya mafuta na joto ikabaki juu. Mishale inalishwa na tawi moja la swichi ya funguo, koili na rilei ya EFI zinalishwa na tawi jingine. Kilichokatika kiko kwenye tawi la pili, kati ya swichi na rilei, chini ya usukani.

Tulirudi gereji, injini ikaachwa inaunguruma, nikatoa kava za chini ya usukani na kuanza kugonga kidogokidogo kwa mpini wa bisibisi. Nilipogusa kiboksi cheusi cha rilei kilichokuwa kinaning'inia kwa waya zake chenyewe, bila hata skrubu moja, injini ikazima. Rilei ya alamu. Aliyeifunga alikata waya mnene wa tawi lile la pili, akapitisha umeme ndani ya rilei ili alamu iweze kuzima gari likiibiwa. Wazo si baya. Lakini waya aliunganisha kwa kuusokota na kuuzungushia selotepu, halafu akaacha uzito wote wa rilei uning'inie kwenye huo msokoto kwa miaka yote hii.

Kabla ya kukata nilipima volti huku na huku kwa msokoto, injini ikinguruma: 0.2. Nikautikisa: 0.9, 1.7, kisha injini ikafa. Selotepu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama gundi ya kahawia. Nilipoivua, ganda la waya lilikuwa limekakamaa urefu wa kidole, na ndani yake shaba ilikuwa nyeusi isipokuwa nyuzi chache zilizong'aa upande mmoja, ambako bado zilikuwa zinasuguana. Nimempa mjomba akakishika kile kipande. Akakigeuzageuza, akakiweka kwenye mfuko wa shati. Nadhani kinakwenda kuonyeshwa kijiweni.

Alamu yote imetoka. Waya wa awali nimeuunga kwa kichwa cha kubana, nikachoma risasi, nikauvika mpira wa kusinyaa kwa moto, nikaufunga kwenye tita la waya wenzake ili usibebe uzito. Volti zinazopotea hapo sasa ni 0.02 hata ukitikisa kwa hasira.

17 Mei

Makorongo hayalizimi tena. Mlima bado.

Nimeenda Tukuyu kwa basi kusudi nirudi na gari nikiwa naliendesha mwenyewe, likiwa limebeba mzigo wake wa kawaida. Shangazi alinipakilia ndizi na maparachichi bila kuulizwa, kwa hiyo jaribio lilikuwa la haki. Kutoka Kiwira nikapanda kwa gia ya tatu, sikuwa na haraka, dirisha wazi nisikilize.

Karibu na Isyonje, ukungu umeshaanza, injini ikakata. Hapa nilikuwa nimejiandaa: sikukanyaga klachi. Gari likaendelea kuserereka huku magurudumu yakiizungusha injini, nikazitazama balbu. B inawaka. K inawaka. P inawaka. Mshale wa mizunguko uko sifuri.

Sekunde zile chache ndizo nilizozifuata Tukuyu. B kuwaka maana yake kompyuta ina umeme. K kuwaka maana yake koili na ignaita zina umeme. P ni shahidi wa ajabu zaidi: pampu haipewi umeme mpaka kompyuta iwe inapokea ishara ya mzunguko, NE, kutoka kwenye sensa ya distributa. P kuwaka kunamaanisha sensa ni nzima na waya zake ni nzima. Lakini mshale wa mizunguko unapata ishara yake kutoka kwenye ignaita, nao umelala. Kompyuta inaamuru, umeme upo, ignaita haichomi. Nilipokanyaga klachi injini ikasimama na P ikazima, kama inavyotakiwa.

Nikaegesha, nikaweka majani nyuma ya gari kama desturi, nikafungua boneti. Distributa ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Nikalowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, nikakikunja juu yake. Haikufika dakika tano likawaka. Dereva mmoja wa Coaster aliyesimama kunisaidia aliniambia ni mvua imeingia kwenye distributa.

24 Mei

Kwenye injini hii ignaita na koili vyote vinakaa ndani ya distributa. Kufungua kofia tu kumenionyesha mengi: oili ndani, nyembamba, imechanganyika na vumbi jeusi. Seali ya shafti imechoka na oili ya injini inapenya. Ignaita hupoza mwili wake kwa kugusana na aluminiamu iliyoishikilia, na hapo katikati palikuwa na utando wa uchafu.

Sasa ni kuliita tatizo lije gereji, badala ya kulifuata Isyonje. Nilisafisha, nikafunga tena, nikaazima draya ya jirani mwenye saluni. Injini inaunguruma, kijana anapuliza hewa ya moto kwenye mwili wa distributa, mimi nina plagi ya kujaribia iliyogusishwa kwenye bodi. Tulikaa tukitazamana. Umeme wa nyumba ukakatika katikati ya kazi, tukanywa chai, ukarudi, tukaanza upya. Safari hii injini ilianza kumisi, ikazima. Stata ikizungusha, plagi haina cheche hata moja, K inawaka. Nikachomoa haraka nikapima koili ikiwa bado ya moto: iko sawa, ohm imepanda kidogo kama shaba yoyote inavyopanda ikipata joto. Kitambaa cha maji, dakika chache, cheche ikarudi ya bluu.

Tukarudia. Ikazima tena, ikawaka tena. Gari linalozima ninapotaka mimi limeshakuwa gari la kawaida.

Ile koili ya mtumba aliyouziwa mjomba haikuwa na kosa, na iliyotolewa pia huenda haikuwa na kosa. Jirani wa saluni amekuja kuchukua draya yake na kuikuta inanukia oili. Nimemlipa kwa parachichi.

31 Mei

Mwanjelwa kutafuta ignaita. Ya peke yake hakuna, wauzaji wanauza distributa nzima ya mtumba. Kila duka wanaapa ni nzima, na huenda wanaamini hivyo, kwa kuwa ikiwa ya baridi hata yetu ni nzima.

Nilimwambia muuzaji mmoja: "Kaka, nitachukua, lakini naifunga kwenye gari hapa hapa na kuipuliza moto saa nzima. Ikipita nakulipa, ikikataa unarudishiwa kitu chako." Akakataa. Nikaanza kuondoka. Akaniita, akavuta kiti cha plastiki akakaa kutazama. Ya kwanza ilianza kumisi kabla saa haijaisha, akaguna, akaingia ndani akaleta nyingine. Hiyo ilivumilia. Nimenunua pamoja na seali mpya ya shafti, maana ile oili ikiachwa itaila na hii.

Taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, nimeiweka kwa taa yake, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa kama inavyotakiwa kwenye gari hili. Bila kuunganisha, kompyuta inaendelea kuisogeza yenyewe na unasoma namba ya uongo.

21 Juni

Mjomba amekuwa akipanda na kushuka wiki hizi zote. Baridi ya Juni imeanza, na asubuhi Uyole watu wanaendesha madirisha yamefungwa na pumzi zinatia ukungu vioo, kwa hiyo hali ya hewa inaisaidia distributa na sikutaka kuiamini baridi. Jana tumelipakia hadi spring za nyuma zikalala, tukapanda Kiwira hadi Isyonje kwa gia ya pili kwa makusudi, tukasimama juu, tukaiacha injini inaunguruma boneti imefungwa, tukaendelea. Balbu zote tatu ziliwaka mwanzo hadi mwisho. Leo nimesoma misimbo, ile 14 ikiwa ilishafutwa kwa fyuzi ya EFI nilipofunga distributa: taa inapepesa sawasawa bila kutulia, yaani hakuna kilichoandikwa. Na kichwa cha betri hakijachomolewa tangu Aprili.

Balbu ningezitoa leo, lakini mjomba amekataa. Anasema ameshazizoea na abiria wanamwuliza maswali mazuri. Tumekubaliana zibaki hadi kiangazi, Oktoba joto likipanda, tuone.

Kwenye daftari ameongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: taa ya kibao cha namba nyuma inazima buti ikifunguliwa, ikifungwa inawaka. Nimeinua mpira unaofunika waya kwenye bawaba ya buti. Waya mbili kati ya sita zimekatika ndani ya ganda kwa kukunjwakunjwa, na ya tatu ni ya taa ya breki na iko njiani. Jumamosi ijayo nitaziunga zote sita kwa waya laini wenye nyuzi nyembamba, viungo nikivisogeza mbali na mahali panapokunjika.